Kuchagua shule ndogo ya serikali Lubumbashi: anzia kwenye daftari la mtoto wa jirani

Mwezi wa tano ndio wakati mzuri wa kuchunguza shule ambayo mtoto ataingia mwezi wa tisa. Siku za kwanza za Septemba hazionyeshi kitu: kila mtoto ana shati jeupe jipya, kuta zimetoka kupakwa chokaa, na direkta amezungukwa na wazazi wanaotafuta nafasi. Mwezi wa tano madaftari yamejaa, chaki zinahesabiwa, walimu wamechoka, na kazi ya mwaka mzima iko pale, imeandikwa kwa mikono ya watoto wenyewe.

Nazungumzia zile shule ndogo za msingi za komuni za hapa mjini, Katuba, Kenya, Ruashi au Kampemba, zenye vyumba sita au saba, kila mwaka, yaani kila darasa, chumba kimoja, walimu sita, direkta, na sentinele wa kufungua lango. Kuna wazazi wanaozipita bila kuzitazama kwa sababu hawaamini kitu cha bure. Wengine wanaandikisha mtoto bila kuuliza lolote kwa sababu ni bure na iko karibu. Wote wanabahatisha. Shule ndogo ya serikali inaweza kufundisha vizuri kuliko ile ya kulipia iliyo upande wa pili wa barabara, na inaweza pia kumpotezea mtoto miaka miwili. Tofauti inaonekana kwa macho ukijua pa kutazama. Mimi natazama mwaka wa kwanza na wa pili, kwa sababu mtoto anayetoka mwaka wa pili bila kujua kusoma atateseka katika kila somo linalofuata. Asilimia za mtihani wa mwaka wa sita, ambazo kila direkta anazitaja kwanza, naziacha nyuma.

Madaftari

Kabla hujaenda kumwona direkta, azima madaftari kwa watoto wa mtaani wanaosoma pale: la mwaka wa kwanza, la mwaka wa tatu na la mwaka wa tano. Omba kwa mtoto wa kawaida, usitafute yule anayeshika nafasi ya kwanza. Kaa nayo nusu saa mezani.

Anza na tarehe. Kila siku ya masomo inapaswa kuacha alama kwenye daftari la hesabu au la lugha. Ukikuta mwezi wa kumi na moja una tarehe nne tu, usimlaumu mwalimu mara moja, huenda mtoto aliugua malaria. Tafuta daftari la mwenzake wa chumba kilekile. Mapengo yakiangukia siku zilezile kwa wote wawili, aliyekosekana ni mwalimu.

Halafu tazama wino mwekundu. Katika daftari moja utakuta neno “Vu” (nimeona) na saini chini ya ukurasa, na juu yake 7 + 8 = 14 imeachwa kama ilivyo. Mwalimu amepita, hakusoma. Katika jingine jibu limekatwa, alama 6/10 imeandikwa pembeni, na chini yake mtoto amefanya upya zile hesabu nne alizokosa, na mwalimu amezipitia tena. Kule kurudia ndiko kunakofundisha, na ndiko kunakomgharimu mwalimu muda, maana kunamlazimu alishike daftari lile mara ya pili. Mwenye watoto 60 hawezi kufanya hivyo kila siku. Ukiona anafanya mara mbili kwa wiki kwenye hesabu na mara moja kwenye imla, mtoto wako amepata mwalimu.

Weka sasa madaftari mawili ya chumba kimoja pamoja. Yakifanana neno kwa neno, mpaka makosa ya tahajia, watoto wananakili ubao tu. Kunakili kuna mahali pake, kwa muhtasari wa somo au shairi. Lakini kuanzia mwaka wa tatu lazima uone sentensi alizotunga mtoto mwenyewe, zenye makosa, zimesahihishwa. Daftari lisilo na kosa hata moja linanitia shaka kuliko lililojaa mistari myekundu.

Mwishoni, kama mtoto wa mwaka wa pili yuko mbele yako, mwandikie kwenye karatasi maneno matano asiyoyatarajia: samaki, kikapu, dirisha, ndege, mlango. Usimpe ukurasa wa daftari lake, huo ameshaushika kwa kichwa. Akisoma samaki na kikapu lakini akakwama kwenye ndege na mlango, yuko njiani, kwa sababu herufi zilizoungana zinafundishwa baada ya silabi rahisi. Akibahatisha yote matano huku akikutazama usoni, hajafundishwa kusoma, hata kama biletini yake, ripoti ya alama, ina asilimia 72. Fanya hivyo na watoto watatu au wanne wa chumba hicho kabla ya kuamua, na uwafanyie kwa upole, maana si wao wanaopimwa.

Nusu saa nyuma ya mwaka wa kwanza

Nenda shuleni saa moja na robo asubuhi, kabla ya bendera. Hesabu watu wazima waliopanga mistari ya watoto. Vyumba sita vinahitaji walimu sita, na katika shule ndogo hakuna wa akiba. Msalimie direkta, jieleze, kisha umwombe: “Direkta, naomba ruhusa nikae nyuma kwenye mwaka wa kwanza nusu saa.” Wengine watakubali palepale, wengine watakupangia siku nyingine, na hilo si kosa. Anayekataa kabisa muulize kama unaweza kusimama dirishani.

Kipindi cha kusoma kwa kawaida kinaanza kwa sauti ya pamoja: ma, me, mi, mo, mu, chumba kizima kwa nguvu. Dakika tano za namna hiyo hazina ubaya, zinawaamsha. Tatizo ni pale kipindi kizima kinapokwisha hivyo. Katika sauti ya watoto 60, wale 20 wasiojua wanafungua midomo tu na hakuna anayewagundua. Kwa hiyo hesabu: ni watoto wangapi wamesoma peke yao, kwa kidole, katika nusu saa? Wanane au kumi ni kazi nzuri. Watatu, na wote wa benchi la mbele, ni dalili mbaya. Tazama benchi la mwisho: wana kalamu? Daftari limefunguliwa ukurasa ulio sawa? Mwalimu anafika kule, au amegandia ubaoni? Na mtoto akikosea, anapata nafasi ya kujaribu tena, au anachekwa na kukalishwa? Chumba chenye fimbo juu ya meza kina mikono michache inayonyooka, utaona mwenyewe.

Ukikuta kijana mgeni ubaoni na mwalimu amekaa nyuma akiandika, huyo ni mwanafunzi wa humanités pédagogiques (sekondari ya ualimu) aliyekuja stage, mazoezi ya kufundisha. Panga kurudi siku nyingine, la sivyo utapima mtu ambaye mtoto wako hatamkuta.

Baada ya kipindi, omba kuona fiche (maandalio) ya somo ulilolitazama na journal de classe, daftari la masomo ya kila siku. Mwalimu aliyejitayarisha ana fiche yenye tarehe ya leo. Karatasi iliyochakaa ya miaka iliyopita iliyobadilishwa tarehe kwa bic nyingine utaitambua bila kufundishwa. Muulize direkta pia daftari la inspekta: alipita lini, aliandika nini, na shule ilibadilisha nini baada ya hapo. Jibu la swali la tatu ndilo ninalolipa uzito.

Na swali ambalo katika shule ndogo halikwepeki: mwalimu akiugua, nani anachukua chumba? Direkta anayesema “naingia mimi mwenyewe” anakuambia jambo kubwa, hasa kama umemwona ubaoni. Kuunganisha vyumba viwili kwa siku moja kunavumilika kama kila upande una kazi yake ubaoni. Jibu likiwa watoto wanarudishwa nyumbani, au wanaachiwa chef de classe (kiranja) mwenye kifimbo, jumlisha siku hizo kwa mwaka mzima. Chumba kimoja kwa kila mwaka pia maana yake hakuna B ya kumhamishia mtoto akigongana na mwalimu wa A. Ndiyo sababu katika shule hizi mtu mmoja dhaifu kwenye mwaka wa kwanza anaharibu kizazi kizima cha mtaa, na mmoja hodari anakiinua.

Kiswahili au Kifaransa

Programu ya taifa inataka mtoto afundishwe kwa lugha ya taifa katika mwaka wa kwanza na wa pili, huku Kifaransa kikifundishwa kama somo, kisha kichukue nafasi polepole. Huku kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Kwa vitendo, shule nyingi za Lubumbashi zinaanza na Kifaransa siku ya kwanza, kwa sababu wazazi wanakidai na direkta hataki kuwapoteza.

Mimi siipunguzii alama shule inayofundisha kusoma kwa Kiswahili. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika, mtoto wa miaka 6 anaunganisha silabi na maana kwa wakati mmoja, kisha anahamisha ufundi huo kwenye Kifaransa. Anayeanza na “oiseau” na “beaucoup” bila kujua lugha yenyewe anajifunza kupayuka. Lakini usiridhike na nusu ya kazi. Kifaransa cha kuzungumza lazima kiwe na kipindi chake kila siku tangu mwanzo, kwa sababu kuanzia mwaka wa tano masomo yote ni kwa Kifaransa, na mtihani wa taifa vilevile. Kipimo chepesi: mpe mtoto wa mwaka wa nne swali la hesabu la maneno kutoka daftari lake la Kifaransa, umwambie akueleze kwa Kiswahili linauliza nini. Wengi wanafanya kujumlisha kila wanapoona namba mbili. Hapo kosa ni la lugha, hesabu haijafikiwa bado.

Idadi, na mwaka wa sita

Direkta atakupa idadi ya kwenye rejista. Wewe hesabu vichwa, siku ya kawaida, mwaka wa kwanza na mwaka wa sita. Hesabu na mabenchi. Benchi la watoto wawili likibeba watatu, mtoto anaandika. Likibeba wanne, viwiko vinagongana na mwandiko unaharibika, na waliobaki chini wanaandikia magotini. Siogopi watoto 55 wenye mabenchi 20 na mwalimu anayezunguka kama ninavyoogopa 35 wenye mabenchi manane.

Ile tofauti kati ya mwaka wa kwanza na wa sita inasema mengi. Vyumba viwili vyenye 60 na 48 ni hali ya kawaida: watu wanahama, wengine wanarudia mwaka. Vyumba vyenye 80 na 22 vinahitaji maelezo. Wamekwenda wapi? Mara nyingi wamerudishwa nyuma mara mbili tatu mpaka wakaacha, au wameambiwa wahamie kwingine kabla ya mwaka wa mtihani. Hapo ndipo asilimia 100 za mtihani wa taifa, ule watu wengi wanaouita bado TENAFEP, zinapotengenezwa: waliobaki 22 wote wamepita, na hao wengine hawahesabiwi popote. Kwa miaka kadhaa direkta waliweza kujibu kwamba mwaka wa kwanza umefurika kwa sababu ya elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019, na ilikuwa kweli. Lakini watoto walioingia mwaka wa kwanza Septemba 2019, kama hawakurudia, walimaliza mwaka wa sita 2025. Wimbi lile limeshapita shule nzima, jibu hilo halitoshi tena.

Walimu wanalipwa na nani

Muulize direkta, kwa heshima na faraghani: kati ya walimu sita, wangapi wanalipwa na serikali? Mwalimu mpya aliyeanza kazi bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo, iliyokuwa ya SECOPE na sasa iko mikononi mwa DINACOPE, ofisi ya serikali ya malipo ya walimu, anaitwa nouvelle unité, na anaweza kungoja muda mrefu bila mshahara. Huyo anaishi kwa mchango wa wazazi, masomo ya jioni au biashara ndogo. Akiwa mmoja, shule inamhimili. Wakiwa watatu kati ya sita, tegemea walimu kubadilika katikati ya mwaka, na tegemea pesa kuombwa mlangoni.

Ujue pia kwamba hata wanaolipwa wanapungua vyumbani siku mshahara unapofika, kwa sababu ya foleni za benki. Usichague siku hizo kuhukumu shule, lakini uliza wanapeana zamu namna gani. Na migomo ya mwanzo wa mwaka, kama ule wa Septemba 2024 katika sehemu kadhaa za nchi, inagusa shule zote za serikali. Cha kuuliza ni jinsi shule ilivyofidia siku zilizopotea. Madaftari yatakujibu hilo pia.

Kuhusu bure yenyewe: iko katika ibara ya 43 ya Katiba ya 2006, na inahusu shule za msingi za serikali zote, pamoja na zile zinazoongozwa na makanisa na Waislamu chini ya mkataba na serikali. Jina la mtakatifu kwenye bango halimpi mtu haki ya kudai minervali, yaani ada ya shule. Mzazi ananunua sare za bleu-blanc (buluu na nyeupe), madaftari, kalamu, mfuko. Kinachoharibu ni vitu vidogo vinavyoingia kwa majina mengine: macaron (beji ya shule), daftari la mawasiliano lenye bei mara tatu ya sokoni, ufagio, masomo ya ziada ya lazima kwa mwalimu yuleyule. Usimuulize direkta bei hizo, waulize kina mama wawili wanaongoja watoto langoni walilipa nini tangu Septemba na nini kilimpata mtoto aliyekosa. Mchango uliokubaliwa kwenye mkutano wa wazazi, wenye risiti na daftari la COPA, kamati ya wazazi, lililo wazi, ni jambo tofauti, na shule yenye mkutano wa namna hiyo kwa kawaida inajiheshimu. Mtoto kufukuzwa darasani kwa sababu ya pesa ni sababu ya kutosha ya kutafuta kwingine.

Shule ikiwa ya serikali moja kwa moja, malalamiko yanakwenda sous-division, ofisi ya elimu ya eneo. Ikiwa ya mkataba, yanapitia kwanza ofisi ya mtandao wake, yaani coordination. Jua mlango wako mapema. Jua pia kama uwanja mmoja una shule mbili: bango moja nje, lakini asubuhi ni shule ya direkta huyu na mchana ya direkta mwingine, vyumba vilevile. Wazazi wanasifu ya asubuhi na kuandikisha ya mchana.

Zamu ya mchana inahitaji kufikiriwa. Joto chini ya malata (mabati ya paa) saa nane ni kali, watoto wadogo wanasinzia, na kuanzia Novemba mpaka Machi mvua kubwa hupenda kushuka alasiri. Ikigonga malata yasiyo na dari, mwalimu hasikiki hata benchi la pili, na kipindi kimekufa. Tazama juu: kuna dari? Kuna madoa ya maji ukutani? Mtoto anayetoka saa kumi na moja jioni na kutembea nusu saa anafika jua likikaribia kuzama. Kwa mwaka wa kwanza na wa pili mimi ningeshikilia asubuhi, hata kama ni kubadilisha shule.

Vyoo: fungua mlango mwenyewe, baada ya mapumziko. Kipimo cha WHO ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 50, na shule chache za mtaani zinafika hapo, lakini vyoo vya wasichana viwe peke yake, vifungwe kwa ndani, na maji ya kunawa yawepo ndani ya ndoo, si ndoo tu. Mji huu unajua kipindupindu. Maji yakitoka kisimani uliza yanatiwa klori na nani. Uwanja ukiwa wa vumbi tupu karibu na kiwanda cha zamani cha Gécamines, kampuni ya madini, upande wa Penga Penga, au kando ya depo ya madini, kunawa kabla ya kula mukate ni lazima zaidi, kwa sababu udongo wa pale una metali.

Njia itembee na mtoto mara moja, saa yake halisi. Malori yanayokwenda Kasumbalesa hayamwoni mtoto wa miaka 6.

Ukisharidhika, usingoje Septemba. Vyumba vya asubuhi vinajaa Julai na Agosti. Beba acte de naissance (cheti cha kuzaliwa) na nakala yake, na kama mtoto anahama, biletini ya mwisho pamoja na attestation de fréquentation (cheti cha kuhudhuria) kutoka shule anayotoka. Mtoto asiye na acte, anza kushughulikia jugement supplétif, hukumu ya mahakama inayoshika nafasi ya cheti, mapema, maana karatasi hiyo itadaiwa tena mwaka wa sita, wakati wa kuandikisha majina ya mtihani, na kosa la herufi moja katika jina lililoandikwa mwaka wa kwanza ndilo linalowakimbiza wazazi maofisini wakati huo. Soma jina lake kwenye rejista kabla hujatoka ofisini kwa direkta.